Wakubwa Wanapouza

Kila Januari mke wangu alileta nyumbani kalenda ya ukutani kutoka shuleni kwake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tunduma, na kalenda ile ilikuwa ya kuandikia mitihani, vikao vya kamati na siku za kwenda kwao Iyula. Mwaka mmoja, hata masika hayajaisha, alikuta hana pa kuandika. Visanduku vya tarehe nilikuwa nimevijaza mishale ya kalamu nyekundu na ya bluu.

"Baba watoto, huu mshale wa Alhamisi ni wa nini?"

"Wakubwa wamenunua."

"Wakubwa gani?"

"Mifuko ya pensheni. Na shirika moja la bima."

"Na mimi kikao changu cha kamati nikiweke wapi?"

"Andika pembeni."

"Pembeni kuna mshale mwingine."

"Huo ni wa wiki iliyopita. Waliuza."

"Haya, basi mwambie huyo mkubwa wako aje kwenye kikao kwa niaba yangu." Akacheka na kuchomeka kalamu yake nyweleni. Siku hizo bado alicheka tulipozungumza habari hizi.

Mishale ile ilihusu vipande. Kulikuwa na mfuko Dar es Salaam uliokusanya fedha za watu wengi na kununua hisa za kampuni zote zilizokuwa kwenye soko la hisa, kila kampuni kwa kadiri ya ukubwa wake. Mfuko haukuchagua kampuni wala haukubahatisha. Soko likipanda ulipanda nalo, na likishuka ulishuka nalo. Fungu la mtu katika mfuko huo liliitwa vipande. Sisi wadogo tulinunua vipande kupitia benki Mbeya mjini, na wakubwa walinunua humohumo, ila wao kwa wingi ambao mimi nisingeweza hata kuuandika vizuri.

Kijana wa benki aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa na tai na sauti ya upole. "Mzee, hii si biashara ya kukimbizana," aliniambia. "Wewe nunua, nenda kalime. Rudi baada ya miaka kumi."

Nilirudi baada ya wiki chache, kumuuliza nani mwingine amenunua.

Fomu ya kununulia ilikuwa na nafasi ya jina la mwenye mali wa pili. Sikuijaza. Nilijiambia kwamba mke wangu yuko kazini na itamsumbua kusafiri hadi Mbeya kuweka sahihi. Fedha yenyewe ilitoka zaidi kwenye mshahara wake kuliko wangu.

Tulikuwa tunaweka akiba hiyo kwa ajili ya shamba. Baba mkwe wangu alikuwa na shamba la kahawa Iyula, kwenye mteremko, na aliligawa kwa watoto wake wa kiume wawili kama desturi ya huko ilivyokuwa. Binti hakupewa kitu. Mke wangu hakulalamika, lakini sehemu ya juu ya shamba ndipo mama yake alipozikwa, katikati ya mistari ya kahawa ambayo mama huyo aliipalilia maisha yake yote. Mke wangu alitaka kustaafu arudi pale. Alizungumza na kaka zake wakakubaliana vizuri tu, mbele yangu, tunakula ndizi. Mkubwa wao alisema, "Dada, sehemu ya juu tutakuuzia wewe. Tutakusubiri mpaka ustaafu. Hatuuzi kwa mtu mwingine labda tupate shida." Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeyatilia maanani.

Mpango ulikuwa rahisi. Vipande vingenunua shamba, na mafao yake ya kustaafu yangejenga nyumba juu yake.

Sasa nieleze tabia ya kuwatazama wakubwa niliipata wapi, maana sikuipata kwenye gazeti. Niliipata Iyula, kwenye kahawa, miaka ile serikali ilipoacha wafanyabiashara binafsi waingie vijijini kununua. Kabla ya hapo mkulima alipeleka kahawa yake ushirika na kusubiri kulipwa. Ghafla yakaanza kuja malori, leo la huyu, kesho la yule, kila moja na bei yake. Watu walichanganyikiwa. Baba mkwe hakuchanganyikiwa. Alikuwa mtu mfupi, mtani sana, na lori likipanda kilima alitoka kwenda kulisalimia kama anakwenda kumpokea shemeji yake. Alizunguka nyuma, akachungulia, akarudi.

"Kaleta godoro," alituambia. "Leo hatuuzi."

Mnunuzi aliyekuja na godoro alikuwa amejiandaa kulala, maana yake alitumwa asirudi bila mzigo, na kesho yake angeongeza bei. Aliyekuja bila godoro angechukua alichopata kwa bei yake na kuondoka. Kijiji kizima kikaanza kuchungulia malori. Wanunuzi nao si wajinga, baada ya misimu michache wakaacha magodoro Mbeya wakawa wanalala kwenye magunia, na baba mkwe akahamia kutazama kama wamebeba sufuria ya kupikia. Tulicheka sana mambo hayo. Lakini nilitoka pale na imani moja iliyoniingia kabisa: kwamba bei haina haja ya kutazamwa, mtazame mnunuzi mkubwa, yeye ndiye anayejua.

Kazi yangu nayo ilinipeleka hukohuko. Nilimaliza kidato cha nne, na nikawa karani wa wakala wa kutoa mizigo forodhani hapa mpakani. Siku nzima nilishika karatasi za mali za watu wengine: shaba inashuka kutoka Zambia, mafuta na matairi yanapanda. Nilijua kampuni fulani imeagiza saruji kabla Tunduma haijajua kwamba saruji itaadimika. Nilijua, na sikuwa na mtaji wa kufanya lolote na nilichokijua. Mtu akikaa hivyo miaka mingi anapata njaa ya aina yake. Vipande viliponifikia, nilipata kwa mara ya kwanza kitu ambacho mimi na wakubwa tulikuwa nacho pamoja. Wao walikuwa na milima na mimi kichuguu, lakini udongo ulikuwa mmoja. Nilipenda kulifikiria hilo nikiwa kwenye foleni ya kugonga mihuri. Nikisema kweli, nilikuwa nawatazama kwa sababu nilijiona niko nao chumba kimoja, na faida ilikuwa jambo la pili.

Habari zao nilizipata kwa njia tatu. Gazeti lilifika Tunduma na basi, tayari limezeeka, na ukurasa wa biashara ulitoa taarifa ya soko ya wiki, ambamo mara nyingine waliandika kwamba wawekezaji wa taasisi walikuwa upande wa kununua au wa kuuza. Mfuko wenyewe ulitoa ripoti kila nusu mwaka, na mle mliorodheshwa wenye vipande vingi zaidi. Na tatu, simu za mkononi zilipokuja, nilimpata karani wa dalali mmoja wa hisa Dar es Salaam. Sikuwahi kumwona. Nilimpigia kwa vocha yangu, na yeye kwa wema wake alinijibu.

"Leo vipi, mheshimiwa?"

"Leo wako upande wa kununua, mzee."

"Wengi?"

"Wa kutosha."

Basi, mshale wa bluu.

Wabadilisha fedha wa pale mpakani, wenye mabunda yao ya kwacha na shilingi, walinizoea nikisoma gazeti kwenye kibanda cha muuza magazeti, wakanipa jina: Mzee Mishale. Kulikuwa na mama mmoja wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, aliyeuza dagaa wa kapenta na kubadilisha fedha kidogo kidogo. Huyo aliniita babu kwa Kibemba chake.

"Bashikulu, mulishani? Leo wakubwa wamekula nini?"

"Leo wamefunga."

"Basi na sisi tufunge kibanda!" Na wote wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilifurahia hilo jina. Mtu asiyejua kitu hapewi jina, ndivyo nilivyowaza.

Mwaka ule redio zilipokuwa zikitangaza kila jioni kwamba mabenki ya Marekani yanaanguka, bei ya vipande ilianza kuteleza. Haikuanguka, iliteleza tu, kama mtu anayeshuka kilima chenye matope. Hiyo peke yake isingenitisha. Kilichonitisha ni mishale. Wiki moja nyekundu, wiki ya pili nyekundu, ya tatu nyekundu. Nikampigia yule karani wa dalali.

"Mzee, wanauza."

"Nani?"

"Siruhusiwi kutaja majina. Ila ni watu wa pensheni."

"Kidogo?"

"Wale wakifungua mlango, mzee, huwezi kusema kidogo."

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Mbeya. Nilimwambia mke wangu nakwenda kufuatilia karatasi za mzigo. Yule kijana wa benki alikuwa bado yupo, tai nyingine, sauti ileile.

"Mzee, unauza vyote? Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Wakubwa wanatoka."

"Wakubwa wana mambo yao, baba. Wewe una haraka gani? Si uliniambia unangojea mama astaafu?"

Nilimwona kama muuza duka anayemshika mteja mkono asitoke. Nikaweka sahihi. Nilipata pungufu ya nilichoweka, si kwa mengi, na kwenye basi la kurudi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kwenye nyumba kabla paa halijaanguka.

Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Nilisimama mlangoni pa jiko.

"Nimetutoa," nilisema.

"Umetutoa wapi?"

"Kwenye vipande. Nimeuza leo. Wakubwa wote wanatoka, Mwalimu. Tungechelewa kidogo tungeumia." Nilipotaka anisikilize nilimwita Mwalimu.

Aliendelea kusonga. "Wanauza kwa nini?"

"Wakubwa hawauzi bure."

"Sijakuuliza kama bure. Nimekuuliza kwa nini."

"Wameona kitu. Wana watu wamesoma kule, wana kompyuta. Wameona kitu ambacho sisi hatukioni."

"Kitu gani?"

Nikasema tutarudi wao wakirudi, na shamba liko palepale. Akageuza ugali kwenye sahani, akaufunika.

"Ungeniuliza," alisema. "Hata kama ungeuza, ungeniuliza."

Tulikula bila redio.

Ningeishia hapo, labda mambo yangerekebishika. Fedha ilikuwa benki na hasara ilikuwa ndogo. Lakini mtu anayefuata nyayo haoni anayetembea, anaona alama tu, na alama zangu zilichelewa kufika. Ripoti ya nusu mwaka ilipokuja nilikuta watu wa pensheni wamesharudi, tena kitambo, kimyakimya, wakati mimi nimekaa na kalenda nikisubiri gazeti liniambie. Bei ilikuwa imepita ile niliyouzia. Nikakimbia Mbeya kununua, nikanunua juu. Baada ya muda nikaona mishale myekundu miwili mitatu, nikauza tena chini. Nikanunua tena. Kila kuingia na kutoka kulikuwa na makato. Nilikuwa kama mtu anayefuata msafara kwa vumbi lake: ukiliona vumbi, msafara umeshapinda.

Mke wangu alijua. Kila mara nilimwambia, lakini baada ya kufanya. Aliacha kuuliza kwa nini, na mimi kwa upumbavu nikadhani amekubali. Ile kalenda ya shule hakuileta tena nyumbani. Alinunua diary ndogo, akawa anaiweka kwenye mkoba wake.

Akastaafu. Walimu wenzake walimfanyia sherehe, wakampa kitenge na seti ya vikombe, na akaanza kungojea mafao. Waliotangulia walikuwa wamemwambia kwamba yatachelewa, na kweli yalichelewa.

Kwenye kiangazi cha mwaka huo kaka zake wawili walikuja Tunduma. Nilipowaona wamevaa makoti na viatu vilivyopigwa rangi nilijua hawakuja kusalimia. Yule mkubwa alikuwa amekonda. Sukari ilikuwa imempata, na mguu mmoja ulikuwa na kidonda kisichofunga. Alikaa akaunyoosha juu ya kigoda.

"Shemeji," alianza, "tumekuja kwa heshima. Pale nyumbani kuna mtu anataka sehemu ya juu. Ni mfanyabiashara wa hapahapa kwenu Tunduma. Ana fedha mkononi. Sisi tumemwambia ile ni ya dada yetu."

"Ndiyo," nilisema.

"Lakini unauona huu mguu. Daktari anataka niende Dar. Kwa hiyo tumekuja kwa dada kwanza. Akitoa mwezi huu, ni yake, na huyo mwingine tutamfukuza."

Mke wangu alinigeukia. Hakunitazama kwa ukali hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake ataje namba ya simu.

Nikataja tulichokuwa nacho. Ilikuwa kama nusu.

Yule mdogo alidhani namtania. "Nusu, shemeji? Miaka yote hii? Si wewe uliyetuambia msibani kwa baba kwamba hivyo vitu vinapanda kuliko kahawa?"

"Vilipanda."

"Sasa?"

"Vilipanda. Mimi ndiye sikuwa ndani."

Alitaka kucheka, akaona uso wa dada yake, akaacha. Nikawaomba wapokee nusu, nyingine ije mafao yakitoka. Mkubwa alitikisa kichwa taratibu. Aliniambia kwa Kinyiha, lugha ya kwao, ili maneno yasiniume sana, kwamba yeye angesubiri hata mwaka, lakini kidonda hakisubiri. Nilizunguka wiki nzima kutafuta mkopo. Bosi wangu alinipa sehemu ndogo. Wabadilisha fedha walionipa jina waliniambia, kwa heshima zote, kwamba kwa umri wangu hawawezi. Mwezi ukaisha na shamba likauzwa. Simlaumu shemeji yangu hata kidogo. Mguu ulikuwa wake.

Miezi baadaye tulikwenda Mbeya pamoja, mimi na mke wangu, kufuatilia mafao. Ofisi ya mfuko wa pensheni ilijaa wastaafu, wengi walimu, kila mmoja na mfuko wake wa karatasi. Tulihudumiwa na mama mmoja mwenye miwani, mchangamfu, aliyechoka.

"Mwalimu, mafao yako yapo hatua za mwisho," alimwambia mke wangu. "Tuvumiliane. Mnastaafu kwa mafungu, maana mliajiriwa kwa mafungu. Siyo mara ya kwanza. Kuna mwaka tulibanwa mpaka tukauza vipande vyetu vya soko la hisa, ili tulipe watu."

"Mwaka gani huo?" niliuliza.

"Ule wa mabenki ya Marekani. Walistaafu wengi kwa pamoja. Tuliuza wiki kadhaa mfululizo."

"Kwa hiyo hamkuwa mnakimbia?"

"Kukimbia nini, baba?"

"Soko. Bei kushuka."

Akacheka, cheko la kirafiki kabisa. "Tukimbie tuende wapi? Hela iliisha tukauza, michango ilipoingia tukanunua tena. Kwa nini, na wewe unavyo?"

"Nilikuwa navyo," nilisema.

Mke wangu alikuwa anafunga karatasi zake kwa uzi. Alimshukuru yule mama, akamuuliza habari za watoto, tukatoka. Stendi alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa nusu. Tulikaa kwenye basi muda mrefu likingojea abiria. Nilikuwa najiandaa kusema maneno mengi, na nilikuwa nayo: kwamba karani wa dalali hakunieleza, kwamba gazeti halikuandika, kwamba hata waliosoma walidanganyika. Yeye alimaliza hindi lake, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Niliuliza kwa nini," alisema.

Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Ningependa kuandika kwamba alinigombeza. Mtu akikugombeza unapata pa kushika.

Nimelifikiria swali lake kuliko jambo lolote maishani mwangu. Wale walionunua kahawa walikuwa na shida moja tu, kahawa, na ukijua shida ya mtu unaweza kusoma mwendo wake. Hawa wa Dar walikuwa na shida elfu, na mojawapo ya shida hizo ilikuwa walimu, watu wa kariba ya mke wangu, waliokuwa wakingoja haki zao. Nilimwona mtu anatoa fedha mfukoni kulipa deni, nikapiga kelele kwamba nyumba inaungua. Na swali ambalo lingenifumbua macho liliulizwa jikoni kwangu, siku ileile, na mtu ambaye ningeweza kumuuliza kwa urahisi kabisa kabla sijauza. Ningeweza pia kumpigia yule karani wa dalali na kusema: kwa nini wanauza? Sikuwahi kuuliza hivyo hata mara moja. Niliuliza nani na ngapi.

Mafao yalitoka. Fedha ikawepo, shamba hakuna. Tulinunua kiwanja hapa pembezoni mwa Tunduma, penye mawe, tukajenga vyumba viwili na sebule. Mke wangu alipanda miche michache ya kahawa nyuma ya choo. Ilitoa majani ikakaa hivyo, mpaka ikafa. Malori yanasikika mchana kutwa yakisubiri kuvuka.

Shemeji mkubwa hakupona. Walimkata mguu, akarudi nyumbani akaishi kidogo, akafariki. Tulikwenda Iyula kuzika. Baada ya maziko, watu wakiwa wanakula, mke wangu alinigusa bega. "Nisindikize nikamsalimie mama."

Tulipanda njia tuliyoijua. Kahawa ilikuwa imeng'olewa yote. Mwenye shamba alipanda mikaratusi, ambayo ilikuwa imeshafika kimo cha mtu, na katikati aliacha nafasi ya malisho na kuweka senyenge. Kwenye geti la miti kulikuwa na nyumba ya bati ya mwangalizi. Mke wangu alisimama nje ya geti la shamba la baba yake akapiga hodi.

Alitoka mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Kwa lafudhi yake na shanga zake alikuwa wa familia za wafugaji zilizohamia kule bondeni Kamsamba. Hakutufahamu, na hakukuwa na sababu ya kutufahamu.

"Karibuni wageni. Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, binti yangu," alisema mke wangu. "Naomba kupita. Kuna kaburi pale juu, ni la mama yangu."

Yule mwanamke alishangaa, akaweka mkono mdomoni. "Lile la mawe? Mimi huwa nafukuza ng'ombe wasilale pale. Sikujua ni la nani. Pita, mama, pita. Ila geti mlishike, ndama watatoka."

Mke wangu alinitazama, akaonyesha geti kwa kidevu.

Nililishika. Alipanda peke yake katikati ya mikaratusi, akiwa ameshikilia kanga yake isikwame kwenye vichipukizi, mpaka nikawa naona kitambaa cha kichwani tu. Kisha kikashuka, alipiga magoti au alikaa. Nilisikia akizungumza kwa Kinyiha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za safari. Sikusikia maneno. Yule mwanamke alileta kigoda akaniwekea kando ya geti.

"Na wewe mzee, huendi kusalimia?"

"Hapana," nilimwambia. "Nimeambiwa nishike geti."

Mke wangu alikaa huko juu muda mrefu. Ndama mmoja alikuja kunusa mkono wangu, nikamsukuma arudi ndani.